Chini Kabisa, Penye Baridi

Friji ya Phelesia ilinyamaza Jumanne asubuhi, wakati anamwaga maji ya kuoshea vyombo. Kwa miaka minne ilikuwa ikinguruma mchana na usiku kama mzee mwenye pumu, na watu wa nyumba ile walikuwa wameizoea hata hawaisikii tena. Siku hiyo waliisikia kwa sababu iliacha. Phelesia aliweka beseni chini, akaingia ndani mbio, akaugusa mgongo wa friji kwa kiganja. Ulikuwa moto. Hakuthubutu kufungua mlango, baridi iliyobaki isije ikatoka.

Ndani hakukuwa na mengi. Kulikuwa na sufuria ya maharagwe, chupa mbili za maji, na kwenye mlango, ndani ya mkebe wa siagi, vichupa vitatu vya insulini. Maharagwe yangeliwa mchana, hayo hayakuwa na neno. Shida ilikuwa vichupa. Binti yake Lynnet, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule unaowashika watoto, na bila ile dawa asubuhi na jioni asingemaliza wiki. Daktari wa Migori alilisema hilo waziwazi, miaka miwili iliyopita, na Phelesia alikuwa bado anaisikia sauti yake kila akiwasha jiko. Na Muhuru Bay, kando ya ziwa walikoishi, ni joto. Chini ya mabati, ikifika saa sita, hata mafuta ya kupikia yaliyoganda hugeuka maji ndani ya kopo.

Mumewe Nashon alikuja saa nne, mikono imejaa grisi. Alikuwa fundi wa injini za boti, na mafundi wa injini hawapendi kushindwa na mashine. Alifungua nyuma, akagonga, akanusa.

"Kompresa imeungua," alisema.

"Si utengeneze?"

"Hii si injini ya boti, Mama Lynnet. Hata Ratemo, fundi wa friji pale sokoni, atakuambia hivyo hivyo, na atataka pesa ya kukuambia."

"Na dawa?"

Nashon alijifuta mikono kwenye suruali. "Nesi alisema nini?"

"Alisema joto linaua dawa."

Nesi alikuwa amesema na mengine. Siku ile hospitalini alisema mambo kama ishirini, mtoto akiwa kitandani na mpira wa maji mkononi, na katika yote ishirini moja tu ndilo lililomwingia Phelesia likakaa: joto linaua dawa. Hayo mengine yalipita. Kwani wewe ungeyashika yote, mtoto wako akiwa amelala macho juu?

"Muiweke kwa chungu," alisema Dani kutoka mlangoni, ambako alikuwa akichambua omena. Dani ni bibi. Wajukuu walimwita hivyo mama yake Nashon, na nyumba nzima ikafuata. Alikuwa na imani na vyungu kupita kiasi. Simu ya Nashon ilipoanguka ziwani, ushauri wake ulikuwa huo huo.

"Chungu kiko na kuku, Mama," Phelesia alimjibu.

Ni kweli. Siku friji ilipoletwa, chungu kikubwa cha maji kilihamishiwa nyuma ya jiko, na sasa kuku mwekundu alikuwa akilalia mayai ndani yake. Lakini hata kingekuwa kitupu, Phelesia asingekitumia. Dawa ya hospitali kwenye chungu! Alivizungushia vichupa kitambaa kibichi, akavisukuma chini ya kitanda penye kivuli, na akaanza kuogopa sawasawa.


Hofu hiyo ilikuwa na mwenzake. Mtaani hakuna aliyejua kwamba Lynnet anadungwa sindano. Mwaka ule wa kwanza mtoto mmoja shuleni aliona sindano kwenye begi lake, na kufikia Ijumaa habari zilikuwa zimefika ufuoni kwamba binti ya Nashon ana ule ugonjwa wa watu wazima, UKIMWI. Kuna mama aliyemwona Lynnet akinywa kwa kikombe chake, akakitupa kikombe. Phelesia alimhamisha shule, akamkataza kusema, na tangu hapo sindano ilidungwa pazia likiwa limeshushwa. Ukiuliza, uliambiwa mtoto anaumwa tumbo.

Jioni hiyo Phelesia alikwenda dukani kwa Marion, mwenyekiti wa chama chao cha akina mama. Duka lilikuwa hatua hamsini kutoka kwake. Marion alimkalisha juu ya kreti, mbele ya friji ya soda yenye mlango wa kioo na taa ndani.

"Zamu yako ya kupokea ni Disemba," Marion alisema. "Kuna nini?"

"Friji imekufa."

"Pole. Lakini friji si mgonjwa, Phelesia. Kungekuwa na mgonjwa tungekupa leo bila kukata hata shilingi. Hiyo ndiyo sheria yetu, wewe mwenyewe uliinyooshea mkono." Akamtazama. "Kwani kuna mgonjwa?"

Phelesia aliitazama friji ya soda. Chini ya chupa za maji kulikuwa na nafasi, mkebe wa siagi ungeingia na nafasi ikabaki. Angesema neno moja tu.

"Hakuna," alisema. "Nataka kuweka samaki. Nimechoka kununua barafu."

Marion akacheka. "Sasa unataka kutajirika utuache." Alimpa pesa za zamu hiyo kama mkopo wa biashara, pamoja na riba yake, na Phelesia akazipokea kwa mikono miwili huku akishukuru. Aliporudi nyumbani alivigusa vichupa chini ya kitanda. Kitambaa kilikuwa kimekauka.


Bichage, ambaye Phelesia alimwendea Ijumaa, alikuwa akiuza vyombo vya umeme vilivyotumika, mjini Migori, katika kibanda cha mabati chenye maturubali mbele. Tuseme ukweli: hakuwa tapeli. Ingekuwa rahisi zaidi kusimulia kama angekuwa tapeli.

"Karibu mathe. Unatafuta gani?"

"Friji. Isikuwe ya bei sana."

Alimwonyesha moja ndogo nyeupe, urefu wa kiuno, mguu mmoja umeshika kutu. Ilikuwa imewashwa. Phelesia alifungua mlango, ubaridi ukamgusa usoni taratibu, kama wa asubuhi. Aliipenda pale pale.

"Hii ni ngapi?"

"Hiyo elfu kumi na moja. Lakini ngoja kwanza. Unaweka nini?"

Kibandani kulikuwa na mteja mwingine, mwanamke aliyekuwa akichagua pasi. Phelesia aliifahamu ile sura. Ilikuwa sura ya mnunuzi wa samaki anayekuja Muhuru kila Alhamisi, mwenye mdomo usiokaa na kitu.

"Samaki," Phelesia alisema.

Bichage akaufunga mlango wa friji ndogo kwa goti. "Basi hii sikuuzii. Hii ni ya maziwa, ya dawa ya mgonjwa, vitu kama hizo. Samaki itakuozea siku ya pili, urudi hapa kunitusi. Sitaki matusi mimi."

Phelesia alilisikia lile neno dawa. Mdomo wake ulifunguka. Yule mwanamke akageuka, pasi mkononi, akamsalimu kwa kichwa, na mdomo ukajifunga wenyewe.

"Kuja huku," Bichage aliita. Alikuwa amesimama kando ya friza ndefu ya kulala, ile ya kifuniko cha juu. "Hii ndiyo ya watu wa samaki. Ukiweka kitu jioni, asubuhi ni mawe. Stima ikipotea siku nzima, bado ni mawe."

"Baridi yake inashinda ya ile ndogo?"

"Mathe, ile ni mtoto. Hii ndiyo baba."

Phelesia aliwaza. Miaka kumi na tatu alikuwa ameuza ngege na sangara, na katika miaka hiyo adui alikuwa mmoja, joto, na mwokozi mmoja, barafu. Samaki aliyeganda hana wasiwasi. Kama joto linaua dawa, basi baridi kali ingeilinda kuliko baridi ya kubahatisha, na bei ya juu ingekuwa ni bei ya usalama wa mtoto. Alitoa elfu kumi na saba, akabaki na nauli.


Friza iliteremshwa na wanaume wanne, majirani wakatoka kutazama. Marion alikuja kuipiga kofi la pongezi. Dani aliizunguka mara mbili akiwa na fimbo yake.

"Mbona iko kama sanduku la maiti?"

"Mama!" Nashon alimkemea, kisha akachungulia ndani mwenyewe na akafunga kifuniko haraka.

Jua lilipokuwa likishuka Phelesia aliutoa mkebe chini ya kitanda. Mkono wake haukuuliza mtu. Mkono wa muuza samaki unajua: wa kuuza leo hukaa juu, wa thamani hulala chini kabisa, penye baridi. Alivilaza vichupa vyote vitatu kwenye sakafu ya friza, akaweka chupa za maji juu yake, akafunga. Usiku huo alilala hadi asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Asubuhi mkebe ulikuwa umeng'ang'ania sakafuni. Aliung'oa kwa kijiko. Kichupa kililia kwenye kucha yake kama kokoto, naye akafurahi, Mungu amsamehe, akafurahi sana. Alikibana kwapani hadi kikayeyuka, akakibiringisha viganjani kama alivyofundishwa. Aliona chenga nyeupe zimeshika kwenye kioo. Alidhani ni barafu iliyobaki, akabiringisha tena.

"Mama, iko baridi sana," Lynnet alisema sindano ilipoingia.

"Vumilia. Baridi ndiyo nzuri."


Siku ya pili yake, Jumapili, Lynnet alikunywa jagi zima la maji kabla ya chai. Akaenda choo, akarudi, akanywa tena. Phelesia alimtazama kutoka jikoni. Mchana mtoto hakutaka kucheza. Alilala kwenye mkeka, na mifupa ya mabega yake ilionekana kama imesogea juu katika siku mbili.

Vibao vya kupimia sukari vilikuwa vimebaki viwili. Phelesia alitoboa kidole, akaweka damu. Kile kipimo hakikuandika namba. Kiliandika kwamba sukari iko juu kuliko kinavyoweza kusoma.

"Imeharibika," Nashon alisema.

"Hii pia?"

"Kwani wiki hii ni kitu gani hakijaharibika?"

Walitaka kiwe kimeharibika. Walitumia kibao cha mwisho, kikasema yale yale, na bado Nashon akakitikisa kipimo karibu na sikio kama saa. Jioni Phelesia aliongeza dawa kidogo kwenye sindano, jambo alilokatazwa. Hakuna kilichobadilika. Alikaa pembeni ya mkeka akisikiliza friza ikinguruma kwa afya, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikamtisha, ila hakujua kwa nini.

Jumatatu alfajiri Lynnet alitapika. Kisha akaanza kupumua kwa kina na haraka, kama mtu aliyepanda mlima mbio, ilhali amelala. Phelesia aliinama karibu na mdomo wake. Pumzi ilinuka kama matunda yaliyoiva yakapitiliza. Aliijua harufu hiyo. Ndiyo ile ya miaka miwili iliyopita.

"Nashon, lete pikipiki! Anaenda! Mtoto anaenda!"

Alipiga kelele hadi mlango wa Marion ukafunguka, na safari hiyo hakujali nani anasikia.


Pale kituo cha afya nesi aliitwa Bathsheba, mwanamke mfupi wa maneno machache. Alimweka Lynnet kitandani, akatafuta mshipa, na wakati huohuo akauliza bila kugeuka.

"Amekosa dawa siku ngapi?"

"Hajakosa, sista."

"Mama, usinidanganye. Huyu mtoto hana dawa mwilini."

"Naapa. Asubuhi na jioni. Hajakosa hata moja."

"Mlimpeleka kwa maombi mkaambiwa amepona?"

Watu kwenye benchi la nje walikuwa wakisikiliza. Phelesia alihisi uso ukiwaka. Ameitwa mwongo mbele ya watu, yeye ambaye kwa miaka miwili hajaacha saa ipite.

"Dawa mnaweka wapi?" nesi aliuliza.

Hapo angalau alikuwa na jibu, na akalitoa kichwa juu.

"Nimenunua friza, sista. Kali. Ninaiweka chini kabisa. Inaganda kama jiwe."

Mkono wa Bathsheba ulisimama, plasta ikining'inia kidoleni.

"Inaganda?"

"Kabisa."

Nesi aligeuka. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imepoa, na ule upole ulimwogofya Phelesia kuliko makaripio yote. "Mama. Insulini ikiganda imekufa. Haifufuki ikiyeyuka. Hizi siku mbili umekuwa ukimdunga maji."

Phelesia hakulia. Alitazama mikono yake, mkono wa kulia kisha wa kushoto.

Gari la wagonjwa lilikuja baada ya nusu saa. Njia nzima hadi Migori alihesabu pumzi za mtoto, akifika mia anaanza tena, kwa sababu aliamini kwamba akikosea hesabu mtoto ataacha kupumua. Hakuomba. Aliogopa kwamba akiomba atajibiwa, atakumbushwa nani aliyekuwa ameushika mkebe.


Lynnet alizinduka Jumatano. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba uji wa hospitali hauna sukari, na nesi wa wodi akacheka, na Phelesia akatoka nje akatapika kando ya ukuta.

Walimpa vichupa vipya vitatu, wakamfundisha upya. Sasa aliyashika yote, akimrudishia nesi neno kwa neno kama mtoto wa darasa la kwanza. Joto linaua. Kuganda kunaua. Chenga zikishika kioo, tupa.

"Na kama hakuna friji?" aliuliza, macho chini.

"Chungu," nesi alisema. "Kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kivulini. Dawa uifunge kwa karatasi ya plastiki isiguse maji. Wengi wanafanya hivyo. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa," Phelesia alisema.

Kabla ya kurudi nyumbani alipitia kwa Bichage. Mahali pa friji ndogo palikuwa na redio. Friji ilikuwa imenunuliwa juzi na kinyozi mmoja.

"Ni nini, mathe? Samaki imeoza?"

"Haikuwa samaki," alisema. Kibandani kulikuwa na wateja watatu na hakupunguza sauti. "Ilikuwa dawa ya mtoto wangu. Ana sukari. Iliganda."

Bichage alivua kofia. Aliikunja, akaikunjua. "Lakini mimi nilikuuliza," alisema hatimaye, kwa unyonge, kama mtu anayejitetea mbele ya mzee wa mtaa.

"Uliniuliza," Phelesia alikubali. Walikubaliana kwamba friza irudi, na friji ndogo nyingine ikipatikana atampigia simu.


Kuku mwekundu hakutaka kuhama. Alimdonoa Phelesia mkono mara mbili kabla ya kubebwa na mayai yake hadi kwenye karai. Dani alikiosha chungu mwenyewe, polepole, bila kusema "niliwaambia", na kwa Dani hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuosha. Nashon alileta mchanga kutoka ufuoni. Walikiweka pembeni mwa sebule, kimezungushiwa gunia bichi, na kila saa Phelesia alikipapasa. Alikipapasa akipita na bakuli, akakipapasa akitoka kuoga. Nashon alimwambia atakimaliza kwa kukigusa. Hakuacha.

Marion alikuja siku ya tatu na mkate na majani ya chai. Mtaa mzima ulikuwa umesikia vilio, na ulikuwa ukingoja kuambiwa ni tumbo gani hilo. Aliketi, akapewa chai, macho yake yakaenda kwenye chungu kinachovuja majasho.

"Na hapo mnaweka nini?"

Phelesia alifungua mdomo. Jibu la zamani lilikuwa pale pale ulimini, limezoea njia. Lakini Lynnet, aliyekuwa mkekani na kitabu, alitangulia.

"Dawa yangu," alisema. "Niko na sukari. Nadungwa asubuhi na jioni."

Kisha akamtazama mama yake kwa hofu, akingoja kukaripiwa. Phelesia aliiona ile hofu machoni mwa mtoto, akaijua ilikotoka, na ikamuuma kuliko lile neno la nesi. Hakukaripia. Alitikisa kichwa kukubali.

Marion aliweka kikombe chini. "Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili," Marion alirudia. "Na siku ile uliketi kwangu, juu ya kreti." Sauti yake ilianza kwa hasira ikaishia pengine. "Nilikuuliza kama kuna mgonjwa, Phelesia. Umeangalia friji yangu ukanijibu hakuna. Nimekukata riba kwa ajili ya mtoto mgonjwa."

Phelesia aliinamia chungu. Alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye gunia, tone kwa tone.

"Ziko ngapi hapo?"

"Tatu. Moja ya sasa na mbili za akiba."

"Hizo mbili lete kwangu. Kwangu kuna baridi ya soda."

Phelesia alisimama. "Juu kule nyuma kunaganda, Marion. Niliona barafu siku ile, kwenye ukuta wa friji."

"Basi uje uziweke mwenyewe. Hata ukitaka kulala pale kuzilinda, lala."

Ilikuwa saa nane mchana, na wanawake walikuwa wamekaa barazani wakisuka nywele njia nzima hadi dukani. Siku nyingine Phelesia angeuficha mkebe ndani ya leso. Safari hii aliutoa chunguni, akabakiza humo kichupa cha sasa, akaufuta mchanga, akautazama mara moja ndani kuhakikisha. Kisha akatoka nao mkononi, Lynnet akimfuata nyuma, na wakatembea zile hatua hamsini.